Corolla 110 iliyokuwa inafia mlimani: presha sawa, filta imeziba

Naandika hiki kisa chote mwanzo mwisho juu hapa Nairobi naona watu wengi sana wakibadilishiwa pampu ya mafuta kumbe shida ni filta, na kibaya zaidi ni kwamba ile filta mbovu inaachwa hapo hapo iendelee kuua pampu mpya. Hii gari ilipitia hiyo njia yote.

Gari ni Toyota Corolla AE110, ile tunaita tu 110, injini ya 5A-FE, cc 1498, ya distributa, gia za mkono. Hizo ziliundwa kati ya 1995 na 2000, na kwa ile sheria yetu ya kutoingiza gari iliyopita miaka 8, maanake hata ile ya mwisho kuingia nchini imekaa kwa barabara zetu muda mrefu sana. Zinavumilia, mimi nazipenda, lakini kuna kitu kimoja chenye karibu kila mtu husahau: hiki kikopo cha chuma kimekaa kwa chumba cha injini, huku nyuma karibu na ukuta wa kabini, chini ya mpira wa hewa. Hiyo ndio filta ya petroli. Kwa vile haionekani vizuri hadi utoe mpira wa hewa, gari inaweza kufanyiwa servisi miaka na miaka na hakuna mtu ameigusa.

Mwenyewe ni mwalimu aliyestaafu, mama mtulivu anaishi upande wa Limuru, oili anabadilisha kwa wakati na risiti zote anaweka kwa bahasha. Shida yake aliieleza vizuri kuliko wateja wengi.

"Fundi, mjini haina shida hata kidogo, kwa jam ya Westlands inatulia tu. Lakini nikishapita Uthiru nianze kupanda, nikikanyaga inakubali kidogo halafu inaanza kuisha nguvu, ni kama kuna mtu amenishika nyuma. Nikitoa mguu inarudi."

Nikamuuliza, "Mwalimu, inashtuka shtuka ama inafifia?"

"Inafifia, kijana wangu. Kushtuka ni mwisho kabisa, nikiilazimisha."

Hilo swali usiliruke. Gari ikiwa na shida ya moto, yaani plagi, waya ama koili, mara nyingi inapiga misi ghafla, mshtuko mkali, na ukikanyaga zaidi inazidi hapo hapo. Gari ikinyimwa mafuta inafifia, inaanza na nguvu halafu inaziacha njiani, ukipunguza mguu inapata pumzi tena. Si sheria ya kuandikwa kwa jiwe lakini inakuonyesha uanzie wapi. Na ile barabara inapanda kweli, Nairobi mjini uko kama mita 1,700 juu ya bahari na Limuru imepita 2,000, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo dereva wa huku kwetu anakanyaga zaidi ya mwenzake wa Mombasa kwa gari ile ile, na filta iliyoanza kuziba itajitokeza kwanza huku.

Nikafungua ile bahasha ya risiti. Plagi mpya, waya za plagi, kifuniko na rota ya distributa, kuoshwa kwa injekta (zile zinanyunyizia injini petroli), halafu pampu ya mafuta kwa sababu ilikuwa imeanza kulia kwa tanki. Baada ya pampu gari ikawa afadhali siku chache, ikarudi pale pale, na hata hiyo pampu mpya ikaanza kulia kama ya kwanza. Hapo ndio nilianza kushuku filta kabla hata sijafungua boneti. Pampu mpya haina sababu ya kulia, labda iwe inavuta kwa shida ama inasukuma kwa shida. Inavuta kwa shida kama chujio la ndani ya tanki limeziba. Inasukuma kwa shida kama filta imeziba.

Sasa fundi aliyeishika kabla yangu sitaki kumlaumu bure, alikuwa na geji ya presha ya mafuta na aliitumia, wengi hawafanyi hata hivyo. Kwa risiti ameandika presha 35, iko sawa. Akabana mpira wa kurudisha mafuta kwa tanki, presha ikapanda vizuri, akasema hakuna kitu kimeziba. Na namba yake ilikuwa ya kweli kabisa. Kitabu cha Toyota kwa hizi injini kinataka kama 30 hadi 37 psi (kipimo cha presha) gari ikinguruma imesimama, na 38 hadi 44 ukitoa kale kampira ka vakyumu kwa regyuleta, kile kifaa kinachoshikilia presha ya mafuta. So 35 ni sawa. Shida ni kwamba hiyo namba haikuwa inajibu swali la Mwalimu.

Hebu angalia vile hii sistimu inafanya kazi, juu hapa ndipo kila kitu kiko. Pampu iko kwa tanki na inasukuma petroli nyingi muda wote, zaidi sana ya ile injini inataka. Mafuta yanapita kwa filta, yanafika kwa reli ya injekta, yaani bomba linalogawia injekta, injekta zinachukua zao, na ile inabaki regyuleta inairudisha kwa tanki kupitia laini ya kurudi. Gari ikinguruma imesimama inakunywa chini ya lita 1 kwa saa, ni kidogo sana. Ukiwa unapanda umekanyaga hadi chini inataka zaidi ya lita 20 kwa saa. Tuseme filta imeziba hadi inapitisha lita 15 tu kwa saa. Gari ikiwa imesimama, lita 1 inaingia kwa injini, 14 zinarudi, regyuleta bado ina kitu cha kushikilia, na geji inakusomea 35 safi kabisa. Ukianza kupanda, injini inadai 20 na hazipo, laini ya kurudi inakauka, presha inaanguka, gari inafifia. Filta ni ile ile na ugonjwa ni ule ule, lakini geji ya gereji haikuona.

Na kule kubana mpira wa kurudi pia hakusaidii kwa hii kesi, na hapa ndio mafundi wengi wanapotelea. Ukibana, mafuta karibu yote yanasimama, na mafuta yakisimama filta hata ikiwa imebaki na katundu kadogo tu presha itajaa polepole mbele na nyuma hadi ziwe sawa. Kubana kunakuambia pampu ina nguvu, basi. Hakukuambii kitu chochote kuhusu njia ya mafuta. Ukitaka kujua njia imeziba lazima mafuta yawe yanatembea, na yanatembea mengi.

Kwa hivyo nilichofanya, kwanza nikatoa vitu vya bure njiani. Nikaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kile kiboksi cha majaribio cha kompyuta ya gari, taa ya injini ikawaka na kuzima kwa mpigo mmoja sawa sawa, yaani kompyuta haina kodi ya hitilafu imehifadhiwa. Hiyo hainishangazi, hii kompyuta ya zamani haina sensa ya presha ya mafuta, haiwezi kujua. Halafu umeme wa pampu, nikapima pale pale kwa plagi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, injini ikiwa inanguruma: betri 13.8, kwa pampu 13.3. Sawa. Hii usiiruke pia, waya iliyooza ama eathi mbaya inanyima pampu nguvu na dalili zinafanana kabisa na za filta, na utabadilisha filta tatu bila kupona.

Halafu nikaweka geji pale juu ya filta kwa njia ya kuingia kwa reli, na mpira mrefu wa kutosha geji ikae nje ya kioo cha mbele, imefungwa kwa waipa. Nje, sio ndani. Petroli yenye presha haiingii kwa kabini hata kama ni mkebe wa geji tu. Kijana wangu wa kazi akakaa kando kusoma, mimi nikaendesha, tukatoka Kangemi tukielekea Kinoo. Kwa barabara tambarare ilisoma 40 ukikanyaga. Tukaanza kupanda na gia ya tatu, mguu chini: 40, 36, 31, halafu ikashuka haraka hadi 20 na kitu, na gari ikaanza kulegea pale pale, vile Mwalimu alisema. Nikatoa mguu, sindano ikarudi juu. Tukarudia ikafanya vile vile. Nilikuwa pia nimeunganisha mita kwa waya wa sensa ya oksijeni, ukikanyaga yote inafaa ikae karibu na volti 0.8 au 0.9, hii ikawa inaangukia 0.1, yaani mafuta ni kidogo kuliko hewa, wakati ule ule presha inaanguka. Mita peke yake isingetosha, kwa sababu hata silinda isiyowaka inaacha oksijeni kwa egzosti na sensa inasoma hivyo hivyo, lakini mita na geji zikianguka pamoja moto hauna kesi tena.

Bado hiyo inasema tu mafuta hayafiki. Ni pampu, ni chujio la tanki, ama ni filta? Hapa hauhitaji mtambo wa bei. Unahitaji chupa ya lita moja yenye alama, na saa.

Kwanza toa presha: chomoa plagi ya pampu, washa gari hadi ijizimie yenyewe, fungua kifuniko cha tanki. Tambara chini ya filta. Halafu fungua upande wa chini wa filta, kule mafuta yanaingilia, peleka hiyo laini kwa chupa, rudisha plagi ya pampu. Pampu unaiwasha kwa kuunganisha matundu ya +B na FP kwa kile kiboksi cha majaribio, na kuna mpangilio wa hii kitu: kawaya unakaingiza funguo ikiwa imezimwa, halafu mtu mwingine ndio anawasha funguo akiwa ndani ya gari. Ukiunganisha kawaya funguo ikiwa imewashwa utapata cheche, na hicho kiboksi kiko kwa chumba cha injini pale pale petroli iko wazi. Sisi wa jua kali tunafanya kazi bega kwa bega na watu wa welding na grainda, kwa hivyo mimi hii kazi huwa nasukuma gari nje kabisa na mtungi wa kuzima moto uko mkononi mwa mtu, hauko dukani.

Kabla ya filta: nusu lita kwa nusu dakika na ikapita. Hiyo ni pampu nzuri na chujio linalopitisha. Nikarudisha laini kwa filta, nikafungua upande wa juu, nikaweka chupa hapo: nusu dakika ile ile haikufika hata robo ya ile ya kwanza, ilikuwa inatoka kama mkojo wa mtoto na pampu inalia kule nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama hapo anaangalia chupa zote mbili, akasema tu, "Na mimi nimenunua pampu."

Kuitoa yenyewe ni kazi ndogo lakini ina mitego. Ile bolti ya banjo ya juu, yaani bolti yenye tundu ndani mafuta yanapita, unashika na spana mbili, moja kwa filta na moja kwa bolti, la sivyo unapinda bomba. Ile nati ya chini ni laini, spana ya wazi itaizungusha kona zote uanze kutafuta bomba zima Kirinyaga Road kwa wauza spea, tumia ile spana ya mabomba inayoshika pande nyingi. Washa za banjo, zile pete bapa za kuziba, unaweka mpya pande zote mbili, kila mara, hata kama za zamani zinaonekana sawa. Washa iliyofinywa mara moja haitafinyika tena vizuri, na hapo kuna presha ya karibu bar 3 juu ya injini ya moto.

Filta ikatoka, nikaimwaga kinyume, yaani kupitia upande wa kuingilia, kwa bakuli jeupe. Ikatoka petroli ya rangi ya matofali, na chini kukawa na vitone vya maji vinazunguka peke yake bila kuchanganyika. Nikaiacha wazi nje hadi ikauke kabisa halafu nikaikata na msumeno wa mkono, sio grainda, tafadhali sana sio grainda. Ile karatasi iliyokunjwa kunjwa, upande wa kuingilia ilikuwa imepakwa tope jekundu mpaka mikunjo haionekani, ukikwaruza na kucha linatoka kama rangi mbichi, na ukipitisha sumaku sehemu nyeusi nyeusi za lile vumbi zinaifuata. Kutu. Upande wa kutokea karatasi ilikuwa karibu nyeupe. Kwa hivyo filta haikushindwa na kazi yake, ilifanya hadi nafasi ikaisha, na injekta ziliokoka kwa sababu yake.

Mwalimu mawazo yake yalikuwa ameuziwa mafuta machafu, na alikuwa tayari kwenda kugombana na petroli stesheni. Nikamwomba asubiri. Wakenya tukisikia mafuta machafu tunafikiria mafuta taa, na ni kweli ule mchezo ulikuwepo sana, ndio maana 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Lakini mafuta taa ndani ya petroli yanaleta kugonga kwa injini, moshi na kuwaka kwa shida. Hayaachi tope jekundu linalofuata sumaku. Hiyo ni kutu ya tanki ya hii hii gari.

Nikamuuliza kama gari iliwahi kulala muda mrefu. Akasema ndio, kuna kipindi alikuwa nyumbani kwao akiuguza mamake, gari ikakaa Limuru miezi na miezi, petroli ikiwa karibu kuisha. Basi hapo. Tanki ya chuma ikiwa karibu tupu ndani imejaa hewa, na ule baridi wa Limuru usiku hewa inatoa umande kwa kuta za ndani, maji yanashuka chini, kutu inaanza. Kuna hii watu husema ukiendesha na mafuta kidogo pampu inanyonya uchafu wa chini, mimi sikubaliani nayo vile inasemwa, juu pampu muda wote inavuta kutoka chini hata tanki ikiwa imejaa. Ubaya wa mafuta kidogo ni huo umande, na pia pampu inapozwa na petroli inayoizunguka, ikikosa inachemka.

Tukafungua ile pampu. Chujio lake la chini, kale kasoksi, lilikuwa la zamani, wakati wa kubadilisha pampu lilitolewa kwa pampu ya kwanza likavalishwa ya pili. Lilikuwa kahawia lakini bado linapitisha, vile chupa ilionyesha. Tukaweka jipya. Na kwa bahati Mwalimu alikuwa na ile pampu ya kwanza kwa buti, imefungwa kwa gazeti, Denso iliyokuja na gari. Nikaifunga kwa tanki na kasoksi kapya, filta mpya mbele, tukapima: nusu lita kwa chini ya nusu dakika, na imenyamaza. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inalia kwa kusukuma kitu kisichopita. Akaamua ibaki hiyo ya Denso na ile aliyonunua akae nayo kama spea, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kuna njia mbili za mkato ambazo nilikataa alipoziuliza, kwa sababu alikuwa ameambiwa na watu. Moja ni kupuliza filta ya zamani na kompresa halafu kuirudisha. Hewa inatoa vumbi la juu na inaweza kupasua karatasi ndani usione, sasa kutu inaenda moja kwa moja kwa injekta. Ya pili ni kuweka kale kafilta ka plastiki ka gari za karbureta, zile za zamani zisizo na injekta, kwa vile ni ka bei rahisi na unaona mafuta ndani. Pampu za karbureta zinasukuma psi chache tu, hii ni 40. Hako kaplastiki kakipasuka ama mpira ukichomoka, petroli inarushwa juu ya egzosti manifoldi. Nimeona gari imeungua hivyo na mwenyewe alikuwa ndani, akawahi kutoka. Sitaweka hiyo kitu kwa gari ya injekta, hata mteja aniombe vipi. Na ukienda kununua ya chuma, ishike mkononi, angalia vile imefungwa pale kwa mshono na nyuzi za banjo, feki nyingi ni nyepesi ajabu na nyuzi zake zinakwaruza.

Tukarudi mlimani na geji kwa waipa, gia ya tatu, mguu chini, kutoka Uthiru hadi tukapita Kinoo. 41, 41, 40, 41. Mita ya oksijeni 0.85. Mwalimu ndiye alikuwa anaendesha hiyo mara, na hakusema kitu hadi tulipogeuza, akauliza kama angeweza kuendelea tu hadi Limuru halafu nirudi na matatu.

Filta kwa kawaida mimi napendekeza kila kilomita 40,000 kwa hizi gari, lakini kwa hii nilimwambia airudishe baada ya 5,000 tuikate tuangalie, kwa sababu tanki yenye kutu haijui kwamba umeweka filta mpya. Akairudisha. Karatasi ilikuwa na wekundu hafifu upande wa kuingilia, mikunjo yote inaonekana, na kwa bakuli hakukuwa na tone la maji. Sasa anajaza tanki ikifika nusu. Tukaweka ingine, na makubaliano ni kwamba ya tatu tukiikata na ikiwa na wekundu zaidi ya hapo, tanki inashuka, inaoshwa ama inatafutwa ingine, na hiyo gharama nimemwandikia kabisa kwa karatasi aiweke kwa ile bahasha.